Stata isiyoachia na lugha ya fundi wa Kisaju

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa baadhi ya wasomi wetu kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, mahubiri na mikutano ya hadhara, ila kikifikishwa mbele ya mtambo hushikwa na kigugumizi. Dhana hii hurudiwa katika vyumba vya walimu na katika makongamano, hata katika insha za wanafunzi wenyewe, na wanaoirudia ni nadra kuipima. Katika makala haya ningependa tuipime kwa jambo moja dogo, lenye grisi na moshi, yaani stata ya lori kuukuu la dizeli inayoendelea kuzunguka hata baada ya dereva kuuachia ufunguo.

Sikuchagua jambo hili kwa kubahatisha. Anayesafiri kutoka Athi River kupitia Kitengela, kuelekea Isinya, Kajiado na hatimaye Namanga mpakani mwa Tanzania, hupita Kisaju. Hapo kando ya barabara atayaona malori yaliyobeba mawe, mchanga, kokoto au matangi ya maji. Mengi yana umri unaowazidi wanafunzi wetu wa chuo kikuu. Yamefungwa na kufunguliwa mara nyingi hivi kwamba hata aliyeyaunda angepata tabu kuyatambua: swichi imetoka katika gari hili, rilei katika gari lile, waya umeungwa kwa waya wa rangi nyingine. Kitabu cha maelezo, kama kiliwahi kuwapo, kilipotea zamani, na hata kingepatikana kingekuwa kinaeleza gari jingine. Kwa hivyo maarifa yote ya kulifufua lori hilo yamo katika kichwa cha fundi na katika maneno anayosemezana na dereva. Maneno hayo ni ya Kiswahili.

Kwanza tuuelewe mtambo wenyewe. Injini ya dizeli, tangu Rudolf Diesel alipofaulu kuiendesha mjini Augsburg mwaka 1897, haitumii cheche kuwashia mafuta. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto linalotosha kuyawasha mafuta yanapopulizwa ndani. Kushindilia hewa kiasi hicho kunahitaji nguvu nyingi, seuze asubuhi ya Julai katika mbuga za Kajiado, injini ikiwa baridi na oili imekuwa nzito. Nguvu hiyo ya mwanzo hutolewa na stata, mota ya umeme ambayo ilienea katika magari baada ya Charles Kettering kuifanikisha katika Cadillac ya mwaka 1912. Kabla ya hapo mtu aliizungusha injini kwa mkono, na wengi walivunjika mikono.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuwapa wanafunzi wake hesabu ifuatayo. Malori mengi ya aina hii hutumia betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa ili kupata volti 24. Tuseme stata inatumia wati 4,000. Gawanya kwa 24, utapata takriban ampea 167. Taa kubwa ya mbele ya lori hilo, yenye wati 70, hutumia kama ampea 3. Maana yake ni kwamba stata moja hula umeme wa taa zaidi ya 50 kwa pamoja. Mtambo wa namna hiyo umeundwa ufanye kazi kwa sekunde chache kisha upumzike. Ukiachwa uzunguke dakika moja au mbili, nyaya zake hupata moto, mipako yake huungua, na nyaya nene zitokazo kwenye betri zinaweza kuanza kuyeyuka. Lori lenye mafuta na mpira na vumbi lililolowa oili halihitaji kichocheo kikubwa zaidi ya hicho ili liteketee. Kwa mwenye lori moja tu, hapo huwa kumeteketea karo ya watoto, mkopo wa chama na chakula cha nyumba mbili.

Ndiyo maana fundi mzuri haanzi kwa kueleza. Huanza kwa kukomesha. Injini ikiwa imewaka, huzimwa kwanza kwa kamba yake ya kuzimia. Stata ikiendelea kuzunguka, kichwa cha betri hung'olewa, na kinachotangulia kutolewa ni cha upande hasi, ule uliofungwa kwenye chesisi. Sababu yake ni nyepesi: spana ikiwa kwenye chanya na ikagusa bodi, umeme wote wa betri utapita ndani ya spana hiyo, na karibu na betri huwapo gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche ndogo. Kisha gia hurudishwa huru na magurudumu huwekewa mawe. Mwanafunzi wa ufundi asiyejua utaratibu huu hafai kukabidhiwa spana, hata awe ameyakariri majina ya sehemu zote za stata kwa Kiingereza.

Hivi majuzi nilikuwa Kisaju, chini ya mgunga mmoja unaotumika kama gereji, nikayasikia mazungumzo ambayo niliyaandika papo hapo. Dereva wa lori la mawe, mtu mzima mwenye mvi, alikuja akitweta.

"Fundi, stata imeshika. Nimetoa ufunguo lakini bado ilikuwa inalia."

"Pole, mzee. Wakati huo injini ilikuwa imewaka?"

"Ilikuwa imewaka."

"Na ulipovuta kamba ya kuzima?"

"Injini ilikata mafuta, lakini stata ikaendelea kuizungusha tu, mpaka taniboi akang'oa kichwa cha betri. Hapo ndipo iliponyamaza."

"Basi ilikuwa inazungusha. Haikuwa inazungushwa."

Ningewaomba walimu wenzangu waisome tena sentensi hiyo ya mwisho. Fundi yule, ambaye aliniambia aliacha shule darasa la saba, alitumia kiambishi cha kutendwa kama daktari atumiavyo kipimajoto. Katika madarasa yetu tunafundisha kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa kwa mifano ya Juma na mpira: Juma amepiga mpira, mpira umepigwa na Juma. Mwanafunzi huandika, hupata alama, husahau. Hapa, tofauti kati ya "inazungusha" na "inazungushwa" ni tofauti kati ya hitilafu mbili zilizo mbali kabisa.

Hitilafu ya kwanza ni ya umeme. Mota bado inapokea umeme ingawa haikupaswa kuupokea, nayo ndiyo inayoizungusha injini. Ukikata umeme, inanyamaza. Hitilafu ya pili ni ya chuma. Stata ina gia ndogo, ambayo mafundi wengi huiita bendiksi, inayochomoza na kuuma meno ya gurudumu zito la injini wakati wa kuwasha. Injini ikishawaka, gia hiyo hutakiwa kurudi nyuma. Isiporudi, kwa sababu ya vumbi na grisi iliyoganda, au meno yaliyolika, au stata iliyofungwa upogo, injini itaibeba stata na kuizungusha hata bila tone la umeme. Ukikata betri, kelele inaendelea. Ukizima injini, inakwisha.

Hatari ya hii ya pili inaweza kukokotolewa. Tuseme gia ndogo ina meno 10 na gurudumu kubwa lina meno 120. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, gia ndogo itazunguka mara 24,000. Ndani ya bendiksi mna klachi ya upande mmoja inayoruhusu gia izunguke peke yake bila kuisukuma mota, lakini klachi hiyo ikiwa imekwama, mota yote italazimika kwenda kwa mwendo huo, na nyaya zake za shaba zitafumuka kama uzi wa kikapu. Dereva aliyesema "imeshika" alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa neno hilo linabeba maana zote mbili. Kazi ya fundi ilikuwa kulipasua neno hilo.

Tukiliangalia kwa jicho la isimu, tutaona kwamba Kiswahili kilikuwa tayari kimempa fundi vifaa. Stata inaweza kushika. Sahani mbili za shaba zinaweza kushikana. Sumaku inaweza kushikilia. Gia inaweza kukwama, grisi kuganda, waya kugusana na bodi. Kila kitenzi na kila kiambishi kinaelekeza kidole mahali pake. Kinachokosekana ni mazoea ya kuvitumia kwa makini. Tumewazoesha wanafunzi kuamini kwamba umakini hupatikana kwa kuhamia lugha nyingine.

Turudi kwenye mota inayozungusha. Juu ya mgongo wa stata kuna kopo la chuma liitwalo solenoidi. Ndani yake mna sumaku ya umeme inayovuta kijiti cha chuma. Kijiti hicho kwa upande mmoja husukuma bendiksi iume gurudumu, na kwa upande wa pili hubana kipande cha shaba kati ya misumari miwili mikubwa ili umeme mzito upite kuingia katika mota. Waya mwembamba utokao kwenye swichi, mara nyingi kupitia rilei, ndio unaoiamuru solenoidi. Ukiachia ufunguo, amri hukatika, springi huurudisha nyuma ule mfumo wote.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ndani ya solenoidi nyingi mna koili mbili. Fundi wa Kisaju aliziita koili ya kuvuta na koili ya kushikilia. Mwanzoni zote mbili hufanya kazi pamoja. Shaba ikishabana, koili ya kuvuta hupata umeme ulio sawa kwenye ncha zake zote mbili, kwa hivyo haipitishi kitu. Ile ya kushikilia hubaki peke yake. Dereva anapouachia ufunguo, umeme hutoka upande wa mota, hupita katika koili ya kuvuta kinyumenyume, kisha huingia katika koili ya kushikilia kwa mkondo wake wa kawaida. Sumaku mbili hupingana, huuana nguvu, na springi hushinda. Ni uhandisi wa kupendeza mno. Hata hivyo, koili moja ikiungua kiasi na kupoteza baadhi ya mizunguko yake, ulingano huo huvunjika; sumaku moja huishinda nyingine, na stata huendelea kuzunguka ingawa swichi haina kosa, rilei haina kosa na waya hauna kosa. Mafundi wengi wamebadilisha swichi tatu mfululizo kwa kutoijua siri hii.

Basi fundi hupimaje? Lori likiwa limetulia, gia huru, betri ikiwa imekatwa, yeye huuchomoa ule waya mwembamba kwenye solenoidi na kuifunga ncha yake isiguse chuma. Kisha hugusisha kichwa cha hasi kwenye betri kwa muda mfupi. Stata ikizunguka, basi amri haitoki kokote nje. Shaba ya ndani ya solenoidi imeshikana, au kijiti kimekwama mbele. Stata ikinyamaza, anaziendea sehemu zilizo juu ya waya. Huchukua balbu ndogo ya volti 24, huifunga kati ya ncha ya waya na bodi, na kumwomba dereva azime ufunguo. Balbu ikiwaka huku ufunguo umezimwa, umeme unavuja kutoka kwenye swichi, kwenye rilei, au mahali ambapo waya umechubuka na kugusana na mwingine wenye umeme. Fundi huchomoa kimoja kimoja mpaka balbu izimike. Balbu isipowaka ila pale ufunguo unapozungushwa, na ikazimika mara ufunguo unapoachiwa, basi sehemu zote za juu ni nzima, na mtuhumiwa ni solenoidi na koili zake au springi yake iliyochoka.

Tazameni namna Kiswahili kinavyoubeba utaratibu huu: "ukichomoa waya na stata ikazunguka," "balbu ikiwaka na ufunguo umezimwa." Viambishi vya -ki- na -ka- vinavyofuatana, ambavyo watahiniwa wetu huvichanganya kila mwaka, ndivyo nguzo za hoja yote. Sharti, tokeo, hitimisho. Ningekuwa na uwezo, ningeyatoa mazoezi ya sarufi kwenye karakana badala ya kwenye uwanja wa Juma na mpira.

Katika lori la mzee yule, balbu iliwaka. Rilei ilipochomolewa ikazimika. Ilipofunguliwa, vijisahani vyake viwili vya ndani vilikuwa vimeyeyuka na kuungana. Kijana mwanagenzi aliyekuwa akishika tochi akafurahi, akasema kazi imekwisha, inunuliwe rilei mpya. Fundi akamkanya: "Kijana, rilei haijiunguzi. Nani ameiunguza?"

Akapima betri. Moja kati ya mbili ilikuwa dhaifu, na waya wa hasi ulikuwa umefungwa kwenye chesisi juu ya kutu, boliti ikiwa imelegea. Hapo ndipo kilipokuwa chanzo. Umeme ukiwa haba, stata inapoanza kuvuta huuporomosha zaidi, sumaku ya rilei huregea na kuachia. Stata ikisimama, volti hupanda tena, sumaku hushika. Mchezo huo hujirudia mara nyingi kwa sekunde, ule mlio wa tatatata ambao kila dereva anaujua. Kila mara vijisahani vinapoachana huruka cheche, kila cheche huyeyusha shaba kidogo, na siku moja vinashikana moja kwa moja. Kwa hivyo betri iliyochoka, ambayo mtu angeitarajia ifanye stata isizunguke, ndiyo hiyo hiyo inayoifanya isiache kuzunguka. Fundi alikwangua kutu mpaka chuma king'ae, akakaza boliti, akamtuma mwenye lori atafute betri, ndipo akaweka rilei. Angeiweka kwanza, mzee angerudi baada ya wiki.

Sasa niseme neno kuhusu istilahi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, kisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lililoanzishwa mwaka 1967, maneno mengi yamebuniwa. Mengine yameota, mengine yamenyauka vitabuni. Mimi si miongoni mwa wanaotaka "stata" ifukuzwe. Neno limekubaliwa na kila dereva kuanzia Kisaju hadi Namanga na ng'ambo yake, lina silabi za Kiswahili, na halimsumbui mtu. Rilei, solenoidi na bendiksi pia zimekwisha pewa uraia na wale wanaozishika kwa mikono. Anayetaka kumwambia fundi aondoe "kianzishi" na ajaribu. Atatazamwa kama mtu aliyepotea njia ya kwenda maktabani.

Malalamiko yangu yako kwingine. "Stata" imebebeshwa mzigo mkubwa mno. Ni jina la mota, ni jina la mtambo mzima pamoja na solenoidi, ni jina la tendo, kwani tunasema "piga stata", na wakati mwingine ni jina la swichi yenyewe. Mteja akisema "stata imeharibika", mwuza vipuri humuuzia mtambo mzima kwa maelfu ya shilingi ilhali kilichohitajika ni rilei ndogo. Hapa utata wa lugha unatoza ushuru, na wanaoulipa ni wenye malori ya mawe.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Pamoja na hayo, kijana anayejifunza umeme wa magari darasani husoma na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha huingia gerejini ambako hakuna hata mmoja anayezungumza namna ile. Anajua jina la koili ya kushikilia katika mtihani. Chini ya mgunga hawezi kumweleza dereva kwa nini betri yake ndiyo iliyounguza rilei. Mwenzake aliyeanza kama mwanagenzi anaweza kueleza yote hayo vizuri, ila hana cheti kwa sababu hakuna aliyemwuliza kwa lugha aliyonayo. Tunapoteza wawili kwa mpigo mmoja. Kuna wanaodai kwamba kumtahini fundi kwa Kiswahili kutashusha viwango. Wangefika Kisaju wakajaribu kujibu swali la fundi yule kwa lugha yoyote waitakayo.

Kwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ninapendekeza zoezi moja. Wapeleke wanafunzi kwenye gereji iliyo karibu, wasikilize hitilafu moja ikielezwa na dereva, kisha waandike ripoti ya ukurasa mmoja: dereva alisema nini, fundi aliuliza nini, kipimo kipi kilikanusha dhana ipi. Wasiruhusiwe kutumia neno "imeharibika". Mwalimu wa fizikia aisome ripoti hiyo hiyo na kuitia alama zake pembeni. Na wakiwa huko, waonywe mapema wasimkaribie mtu anayewasha lori kwa kugusisha bisibisi kwenye misumari ya solenoidi. Anayefanya hivyo husimama kando ya gurudumu, ufunguo na kanyagio la klachi viko mbali naye, na lori likiwa limeachwa ndani ya gia litaondoka kumpitia.